Malalamiko Dhidi ya Sahani Yenye Kifuniko cha Bluu

Kalemie, Jumanne, baada ya misa ya asubuhi

Kwa Mama Pélagie,
Prezidante wa Kamati ya Chungu cha Pili,
Avenyu yetu hii hii, nyumba ya tatu baada ya mashine ya kusaga

Nakala kwa: Padri paroko, Shefu wa avenyu, Cyrille wa mkokoteni, ambaye ndiye mtuhumiwa wa kwanza

Yahusu: kulalamikia sahani, na kudai jina langu lifutwe kabla ya Jumapili

Mama Prezidante mheshimiwa,

Kwa heshima zote anazostahili mama anayelea watoto saba na sasa ameamua kulea avenyu nzima, mimi Adalbert Kisimba, mpima mizigo mstaafu, niliyesimama kwenye mizani ya stesheni miaka thelathini na mmoja bila kuongeza wala kupunguza gramu moja, nashika kalamu kwa masikitiko makubwa. Nimeandika barua hii mara tatu. Mbili za kwanza nilizichana kwa sababu zilikosa adabu. Hii ndiyo yenye adabu.

Najua Kamati yenu inasifiwa. Kabla yenu, harusi za hapa zilimalizika kwa kumwaga masufuria mazima mtaroni, huku nyumba ya pili watoto wamelala na maji ya moto tumboni. Mkate wa jana ulitupwa. Ndizi zilizocheleweshwa na boti ya Moba ziliozea bandarini. Siku hizi mkokoteni wa Cyrille unapita kila mahali, Mama Rosine ananusa kila beseni, kilicho kizima kinakwenda kwa wenye njaa, na kilichoharibika kinakwenda kwa bata. Ni mpango mzuri. Ungekuwa mzuri zaidi kama usingenigusa mimi.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Alhamisi ya pili ya mwezi wa tatu, saa sita na nusu mchana, Cyrille alibisha mlangoni kwangu akasema: «Papa Adalbert, shika hii. Njo yenye ilibakia ku ndoa ya binti ya Papa Michée. Mama Pélagie anakusalimia.» Akaniwekea mikononi sahani yenye kifuniko cha bluu, kisha akakimbia kabla sijakataa. Nimekuja kujua baadaye kwamba kule kukimbia ni amri ya Kamati.

Ndani mlikuwa na bukari, ule ugali wetu, sombe la majani ya mihogo kwa mawese, na paja la kuku. Mama, kwa nini mimi? Tangu Elisabeth, mke wangu, atutoke mwaka jana, avenyu nzima inanisikia kila siku saa sita nikitwanga sombe kwenye kinu chake. Mtu anayetwanga ni mtu anayekula. Ushahidi kama huo hata mahakama ingeukubali. Lakini Kamati, bila kuniuliza, ikaniandika namba kumi na saba kwenye orodha ya wenye njaa! Lile paja nililila kwa ajili ya uchunguzi. Bukari pia. Sombe nililichunguza mpaka sahani ikang'aa.

2. Sahani ikishang'aa lazima irudi kwa mwenyewe. Na mnajua kwamba kwetu hakuna mtu mwenye malezi anayerudisha sahani ya jirani ikiwa tupu. Nikatazama jikoni: mlikuwa na chumvi, na mlikuwa na mimi. Nikatoka nje, nikachuma mapapai mawili, nikayapanga kwenye sahani, nikafunika, nikamkabidhi Cyrille, nikadhani yamekwisha.

Kumbe! Jumapili Padri akasoma majina ya wafadhili wa Kamati, na wa tatu nilikuwa mimi. «Papa Adalbert, mapapai.» Kanisa likapiga makofi. Kwaya ikapiga vigelegele. Watu wakageuka kumtazama mfadhili, naye mfadhili amevaa shati ambalo kola yake inashikiliwa na pini. Mama, sijapata kuona aibu tamu kiasi kile, na ndiyo maana nalalamika.

3. Kwa hiyo sasa nimo kwenye orodha mbili. Kazini kwetu gunia halikuweza kuingia na kutoka kwa karatasi moja. Nilikuja biro kwenu, yaani kwenye kibaraza chenu, kudai nifutwe upande mmoja. Mama Rosine akanijibu bila hata kuinua pua kutoka kwenye beseni: «Papa, muntu anaweza kuwa na njaa na anaweza kutoa. Njo muntu ule ule.» Maneno hayo nimeyapima wiki tano, na mizani haitulii. Nimekosa hata usingizi wa mchana.

4. Alhamisi iliyofuata sahani ikaja imejaa zaidi, eti kwa kushukuru mapapai. Hapo heshima ikanibana. Mpapai ulikuwa umebaki na matunda mabichi tu. Ikanibidi kutoka nyumbani, mimi ambaye tangu msiba nilikuwa natoka kwa ajili ya misa peke yake. Nikashuka ufukweni na sahani yangu mkononi. Mvua ilikuwa imewakuta ndagala wameanikwa mchangani, visamaki vyote vimelowa, na akina mama wameshika reki tayari kuvisukuma ziwani. Nikapiga kelele: «Simameni!» Walisimama, kwa sababu hawajawahi kuona mzee anakimbia na sahani.

Nikawaeleza kwamba marehemu Elisabeth alikuwa anaokoa ndagala wa namna hiyo kwa moshi, na kwamba chanja yake bado iko nyuma ya nyumba yangu. Basi, matokeo yake ni nini? Uwanja wangu umekuwa kiwanda. Wanawake sita wanakuja na kuni kila asubuhi. Wananiita Papa Moshi. Wanaimba, wanacheka, mmoja amenishonea ile kola bila ruhusa yangu. Shati linanuka samaki hata kanisani, na paka wa kartie nzima wananisindikiza mpaka kwenye komunyo. Mwezi huu tumeokoa kilo mia moja na kumi na mbili ambazo zingeliwa na mawimbi. Nimezipima mwenyewe, kwa mizani yangu ya zamani, kwa sababu kipimo cha Kamati kilikuwa «beseni na nusu hivi», jambo ambalo mtu wa kazi yangu hawezi kulivumilia.

5. Jalala letu limekufa. Kwa miaka ishirini kila mtu alijua nyumba yangu: unafika penye harufu, unageuka kushoto. Sasa harufu hakuna. Binamu yangu Joël ametoka mji wa Bendera kuja kunisalimia. Dereva wa pikipiki akazunguka akitafuta harufu, akaikosa, akamshusha kwa watu wengine kabisa. Joël ni mtu wa adabu. Akaletewa chakula, akala. Akaonyeshwa kitanda, akalala. Siku ya tatu ndipo akauliza Adalbert atarudi lini, na wenye nyumba wakauliza Adalbert ni nani. Sasa wamempenda, hawataki kumwachia, na mimi nakwenda kumtembelea binamu yangu huko kwao kila Jumamosi kama mgeni. Nani atawajibika?

6. Njaa imepungua shuleni, na hali ni ya kutisha. Mwalimu Consolate alikuwa anafundisha darasa la nne kwa amani. Ikifika saa nne watoto wote wanasinzia, naye anasahihisha madaftari yake. Tangu mkate wa jana na ndizi za boti zianze kufika pale, hakuna anayesinzia tena. Wanauliza maswali! Mmoja ametaka kujua kwa nini Mto Lukuga unatoa maji ziwani kila siku na ziwa haliishi. Mwalimu amekuja kwangu mbio kuazima kitabu cha jiografia. Mama, nilikuwa na kitabu kimoja tu duniani.

7. (Hili nimelifuta. Lilimhusu Mama Rosine, lakini jana alinusa maziwa yangu kabla sijayanywa, na leo niko hai.)

8. Sasa nafikia lililo kubwa kuliko yote: vya kutupa vinaisha. Mnamjua Papa Michée, ambaye zamani ukubwa wake ulionekana kwa wingi wa masufuria aliyomwaga. Siku ya ubatizo wa mjukuu wake amepika kwa hesabu! Kilibaki chakula cha beseni moja, nalo akalileta kwenu yeye mwenyewe, kichwani, akitembea polepole kupita kiasi ili tumwone sote. Wengine wameanza kumwiga.

Nauliza kama mtaalamu wa mizigo: watu wakiacha kutupa, mkokoteni utabeba nini? Mkokoteni ukikosa mzigo, Cyrille atakuwa wapi Alhamisi saa sita na nusu? Na Mama Rosine atanusa nini? Pua kama ile haiwezi kuachwa ikae bure. Kwa hiyo napendekeza Shefu wa avenyu atoe amri: kila nyumba itupe vijiko viwili vya bukari kwa wiki, mbele ya mashahidi wawili, na Kamati isimame karibu na beseni ili iviokoe kabla havijagusa chini. Mimi nitavipima vikiwa njiani. Nyumba itakayokataa kutupa ihesabiwe kuwa ina njaa, na ipelekewe sahani yenye kifuniko cha bluu kama adhabu.

Kwa sababu hizo zote nadai:

a) Jina langu lifutwe kwenye orodha ya wenye njaa kabla ya Jumapili hii, siku ambayo mmesema mtaisahihisha.
b) Cyrille asibishe tena mlangoni kwangu.
c) Nirudishiwe harufu yangu, binamu yangu na kitabu changu cha jiografia, kwa utaratibu huo huo.

Nikikosa jibu, nitapanda ngazi. Nitamwandikia Padri barua yake peke yake, kisha Askofu, na wino ukitosha nitaendelea mpaka Roma.

Nisalimieni baba wa nyumba na watoto wote saba, hasa yule anayeota meno. Nisalimieni mashine ya kusaga na wote wanaopanga foleni pale. Wasalimieni bata, ambao katika mpango huu hawana kosa. Hata Cyrille msalimieni, lakini kwa sauti ya ukali.

Ni mimi, niliyekasirika kwa heshima,

Adalbert Kisimba
Mpima mizigo mstaafu
Namba 17 upande mmoja, namba 3 upande wa pili

N.B. Barua hii inawafikia ikiwa juu ya sahani yenu. Chini ya kifuniko mna ndagala wa moshi, kwa sababu hata malalamiko siwezi kuyaleta kwenye sahani tupu.

Leo asubuhi, bahasha ikiwa imekwisha kufungwa, akina mama wa chanja waliniletea majani ya mihogo. Nikayatia kwenye kinu cha Elisabeth, nikainua mchi, nikapiga mara tatu, nikasimama. Ile sauti sikuitambua. Nimeifungua bahasha tena ili niwaambie hilo. Mwaka mzima nilikuwa natwanga mti juu ya mti ili msijue kwamba nina njaa, na ninyi wanawake wa avenyu hii, mlioshika mchi tangu utotoni, mlikuwa mnasikia kila siku saa sita kwamba kinu changu ni kitupu. Hakuna hata mmoja aliyesema neno. Mlituma sahani tu, na Cyrille wa kukimbia.

Basi, kuhusu a): msinifute upande wowote. Kuhusu b): Cyrille abishe, tena abishe kwa nguvu, kwa maana tangu Elisabeth aondoke hakuna mkono mwingine uliobisha mlango ule saa za kula. Kuhusu c): Joël aendelee kukaa huko, analishwa vizuri.

Na Alhamisi hii msiniletee sombe. Saa sita tegeni sikio kwanza. Mkisikia kinu, njooni na sahani zenu.