Uzito wa Kijiti

Jumatatu, 3 Juni
Kuna jambo nimewaficha wote humu ndani, na kwa jinsi pumzi yangu inavyokwenda, heri niliandike. Si leo. Nikipata ujasiri.

Leo ni habari ya mjukuu wangu, Kijiti. Ana mwaka na nusu, uzito umegoma. Nesi anayekuja kunipima presha kasema uji wake uongezwe yai na siagi, na asipoongezeka kufikia Ijumaa, atalazwa. Alazwe! Mkwe wangu, mama yake Kijiti, kalia jikoni. Mama yake mkwe huyo kahamia hapa na trei ya mayai, kanitangazia kwamba ukoo wetu ni mifupa mitupu. Tutaonana!

Jumanne, 4 Juni
Mbinu: kijiko kigeuke ndege. Marehemu mke wangu alimlisha hivyo baba yake Kijiti, dirishani hapahapa, akivuma mpaka bakuli linabaki jeupe. Nikavuma. Nikapaliwa. Ndege ikatua shatini kwangu. Bibi wa mayai kauliza kama rubani ana leseni.

Jumatano, 5 Juni
Zamu ya bibi. Kijiti kasukuma bakuli kwa mgongo wa mkono wa kushoto, taratibu, kama jaji. Nikafurahi. Mungu anisamehe.

Alhamisi, 6 Juni
Funguo za mke wangu bado ziko msumarini. Alikuwa mtunza stoo ya shule. Chuma tupu, nzito ajabu. Zikilia mlangoni jioni, njaa ilikuwa inanishika palepale.
Nzito ajabu... Wazo!

Ijumaa, 7 Juni
Nesi kamvua Kijiti nguo, kamwachia soksi kwa ajili ya baridi. Mshale wa mizani ukaruka! Mkwe wangu kapiga vigelegele. Nesi kasema basi, mayai yapunguzwe. Yapunguzwe? Nikafungua mdomo niungame, lakini Kijiti akarusha teke, soksi ikalia. Bibi kasema kumbe mifupa yetu ni ya chuma. Nesi hakucheka. Atarudi Jumatatu, na gari la hospitali.

Jumamosi, 8 Juni
Sikulala. Naandika. Tangu mke wangu afariki, sili. Nasema nimeshiba, nasukuma sahani kwa mgongo wa mkono wa kushoto, kisha chakula nampa paka dirishani. Kijiti hukaa mbele yangu kila mlo. Ananitazama. Anayoyafanya ni yangu.
Mchana nikameza kijiko cha uji. Kikapita kama mchanga. Kijiti akafungua mdomo. Nikameza kingine. Naye. Tukamaliza mabakuli yote mawili, mimi nikilia, yeye akicheka.

Jumatatu, 10 Juni
Mshale umesogea. Kidogo, lakini bila soksi! Halazwi. Bibi kasema ni mayai yake. Nimemwachia.
Paka ndiye kanisaliti: kanona mno, mkwe wangu akaanza kuuliza. Nesi kaniangalia shingo ilivyokonda, kasema Ijumaa atanipima uzito na mimi.
Nimezijaribu funguo. Soksi zangu ni kubwa, zinaingia zote.