Amepotea Tangu Pasaka

Alhamisi, 6 Juni 1996

Nimetoka kwa Thuo sasa hivi. Televisheni yake ndiyo pekee katika safu yetu ya nyumba hapa Ziwani, kwa hiyo kila Alhamisi saa moja na nusu jioni sina budi kumvumilia. Kipindi ni kile cha Kikosi cha Kumi, wapelelezi wanaotafuta watu waliopotea. Leo walimtafuta mwalimu wa piano. Dakika ya kumi tu, Thuo akatangaza kwamba mwalimu yuko kwa dada yake. Mimi nikasema amezikwa bustanini. Akapatikana kwa dada yake, anakunywa chai!

Wiki ya tano hii ananiaibisha. Thuo anauza soksi. Mimi ni karani, miaka kumi na tisa nahesabu mafaili, na hakuna faili lililowahi kunipotea.

Nimeamua. Nitatafuta mtu wangu mwenyewe aliyepotea, mtu wa kweli, na nitampata kabla Thuo hajafungua mdomo. Jalada sina, nimechukua bahasha ya kahawia ya barua ya mama kutoka Kibwezi. Ilifika Pasaka. Barua imo ndani bado, nitaisoma Jumapili. Juu nimeandika K.W. 1/96, yaani Kesi ya Waliopotea. Amebaki mtu tu.

Ijumaa, 7 Juni

Gikomba, soko la mitumba, saa ya chakula cha mchana. Nimepata koti refu la kijivu, sawa kabisa na la mkuu wa Kikosi. Linashuka mpaka chini ya magoti.

Jioni Thuo ameliangalia, akasema vifungo viko upande wa kike. Nimemjibu kwamba baridi ya Juni haiulizi vifungo. Nimeingia ndani, nikaangalia kwenye kioo. Viko upande wa kike.

Jumapili, 9 Juni

Nimepata kesi! Mlango wa pili kutoka kwangu!

Nilikuwa bombani nikimsaidia Mama Kiema kubeba debe. Huyu ni mjane, alipikia watoto wa shule miaka thelathini. Sasa macho yake yote mawili yameingia ukungu, na Jumamosi ijayo anarudi kwao Kibwezi moja kwa moja. Kiema ni mwanawe wa pekee, dereva wa lori, anakaa Kware. Mimi nilihamia hapa mwezi uliopita tu, sijawahi kumwona. Nikamuuliza habari zake, kwa adabu tu. Akashusha pumzi.

"Kiema amepotea kabisa, mwanangu. Tangu Pasaka."

Nikaweka debe chini. Maji yalimwagikia kiatu changu, sikujali.

Nimemhoji hapo hapo. Mara ya mwisho kuonekana: Jumapili ya Pasaka, saa kumi jioni. Hali yake: ameshiba wali. Alichobeba: redio ya mama yake, akaipeleke kwa fundi. Redio yenyewe ndiyo iliyokuwa ikimsomea Neno, kwa kuwa maandishi ya Biblia hayaoni tena. Nikauliza kama amepiga ripoti polisi. Akacheka. Ni kicheko cha mama mwenye uchungu, nakijua, kwenye Kikosi kipo karibu kila wiki.

Halafu akaniambia jambo moja, polepole, nami nimeliandika neno kwa neno. Kwamba watu wengine wote atawajua kwa sauti, haidhuru. Lakini Kiema, yeye mama anataka kumwona uso, kabla nuru haijamwishia.

Mstari huo nimeukosea mara mbili nilipokuwa naandika. Ni baridi.

Amenipa picha aliyo nayo. Ni moja tu. Kiema siku ya kumaliza darasa la saba, mwaka 1973, amevaa kaptura. Ameniapisha niirudishe.

Jumatatu, 10 Juni

Matangazo arobaini kwa mashine ya kunakili ya ofisini, mkubwa akiwa kwenye chakula. Nilianza na neno AMEPOTEA, lakini juu ya ukurasa lilionekana jepesi. Nimeweka ANATAFUTWA. Hilo lina uzito.

Maneno ni haya: ANATAFUTWA. Kiema, dereva. Alionekana mara ya mwisho akiwa na redio ya mama yake. Ukimwona usimsogelee. Toa habari Ziwani kwa mpelelezi N., nyumba ya tano. Hapo chini picha ya kaptura.

Jioni nimepita dukani kwa Shamis kuchukua unga wa ngano wa kupikia gundi. Shamis ana duka pale pembeni tangu enzi za baba yake, na hakuna nyumba asiyoijua inakula nini. Akaliona tangazo. Akaanza kusema kwamba huyu Kiema mbona... Nikamkatiza! Kazi hii ina utaratibu. Kwanza jamaa, kisha kazini, kisha mwenye nyumba, kisha majirani, na wengineo. Mwenye duka ni wa saba. Nimemwambia zamu yake itafika.

Akasema haya, karani, nitangoja. Akarudi kupima sukari.

Jumatano, 12 Juni

Kware baada ya kazi. Nimebandika matangazo thelathini na manane. Mawili mbuzi wamekula, sababu ya ile gundi.

Watu walijaa. Wengine hawana msaada kabisa. Mama mmoja alisema kwamba wezi siku hizi wanaanza wadogo, tazama huyu, na kaptura yake, ameshaiba redio ya mamake. Nikaeleza kwamba sasa ana miaka thelathini na sita. Akauliza mbona bado anavaa kaptura. Nikamwacha.

Bwana mmoja alisoma tangazo muda mrefu. Mweusi, mpana, jaketi la kazi, funguo za gari mkononi. Akalibandua, akalikunja, akatia mfukoni! Nikamwambia hiyo ni mali ya upelelezi. Akauliza kwa sauti ya chini nani amenituma. Nikasema siruhusiwi kutaja. Akalitazama koti langu kutoka juu mpaka chini, akaondoka mbio mbio. Nimemwandika kama mtu wa kushukiwa. Masikio yake yamesimama kama ya Mama Kiema.

Alhamisi, 13 Juni

Nimeipata nyumba ya Kiema. Imefungwa kwa kufuli. Majirani wanasema mpaka jana alikuwepo, kila siku anatoka kazini na kurudi, anasalimia watu. Jana jioni aliposikia kwamba anatafutwa, akafunga mfuko mmoja akaenda. Hawajui wapi.

Kwa hiyo amepotea kweli! Nilifurahi mpaka nikapiga makofi pale uani. Kisha nikakumbuka kwamba leo ni Alhamisi na Jumamosi Mama Kiema anaondoka, na makofi yakaisha. Mpaka jana mtu huyu alikuwepo. Leo hayupo, na katikati yake nimepita mimi na gundi yangu. Sipendi kuliandika hili lakini faili lazima liwe kamili.

Kwa Thuo, kipindi kimenipita tu. Aliniuliza kesi yangu imefika wapi. Nikamweleza. Hakugeuza hata macho kutoka kwenye televisheni, akasema yuko kwa mama yake.

Nilicheka mpaka chai ikanitokea puani. Kwa mama yake! Mama ndiye mlalamikaji! Thuo huyu amezoea vibaya.

Ijumaa, 14 Juni

Leo ni siku ndefu. Nitaandika yote.

Saa kumi na moja nilikwenda kwa Mama Kiema kumwambia nimeshindwa. Nilivaa koti, maana jambo la namna hiyo halisemwi kwa sweta. Nikabisha hodi. Ndani kitu kikaanguka, kiti kikaburutwa, kimya. Akafungua mlango nusu. Akanikaribisha kwa shingo upande.

Nikakaa. Mezani vikombe viwili, vyote vina moshi. Nikaandika kwenye daftari: vikombe viwili. Kisha nikasema, mama, nimekukosea, mwanao nimemkosa, na kesho unakwenda. Huyu mama amenipa picha yake ya pekee, na mimi nimemletea bure.

Chini ya kitanda mtu akapiga chafya.

Nikasimama juu ya kiti. Akatoka kwa magoti, vumbi mpaka kwenye nyusi. Bwana wa Kware! Yule wa funguo! Akaniangalia, akamwambia mama yake huyu ndiye yule askari. Mama Kiema akasema huyu si askari, huyu ni Nzivo, ananibebea maji.

Kumbe mambo yenyewe ni haya. Redio iliibwa kwa fundi wiki ile ile ya Pasaka. Kiema akaona haya kurudi mikono mitupu. Kila wiki mbili alikuwa akisimamisha lori pale pembeni, anaacha sukari na unga kwa Shamis ampelekee mama, kisha anaondoa gari. Hatua arobaini kutoka mlangoni! Hakuwa na uso wa kuingia. Aliposoma tangazo langu akajua mama amemshtaki. Jumatano hiyo hiyo akaja, akapiga magoti kwenye sakafu hii.

"Mama, hata kwa redio unanipeleka polisi?"

Haya nimesimuliwa na Mama Kiema mwenyewe. Anasema alimshika uso kwa mikono yote miwili, akaugeuza dirishani kwenye mwanga. Tangu juzi anamtazama. Ameona kwamba ana mvi juu ya sikio la kushoto. Hakujua. Ametuonyesha kwa kidole zilipo, na Kiema, mtu mpana vile, akainamisha kichwa zionekane vizuri.

Niliangalia ukutani. Koti hili lina vumbi la Gikomba, linaniwasha macho.

Nikamuuliza Mama Kiema kwa nini alinipa maelezo ya uongo. Alisema Kiema amepotea, na hali unga wake anaula. Akanishangaa. "Nilisema amepotea, Nzivo, kama watu wanavyosema kwa mtu asiyekuja kukuona. Kwani kwenu husema vipi?"

Kwetu husema hivyo hivyo. Nimeandika: mlalamikaji hakufafanua.

Halafu akaniuliza mimi mama yangu aliniona lini. Nikamwambia maswali hutoka upande wangu. Krismasi ya mwaka juzi, kama ni lazima. Akasema atapita kumwamkia, si mbali na kwake. Nikasema amsalimie sana.

Njiani Shamis akaniuliza kama zamu ya shahidi wa saba imefika. Nikamwambia kesi imefungwa. Thuo alisimama tu mlangoni kwake akikunja soksi. Potelea mbali!

Jumamosi, 15 Juni

Mama Kiema amekwenda. Kiema amempakia vitu vyake kwenye lori, yeye amemkalisha mbele, upande anaoweza kumwona dereva. Alinipungia mkono, ila alikuwa akiupungia mlango wa jirani. Picha nimemrudishia.

Safu imekuwa kimya. Nimepita bombani bila haja ya maji.

Faili K.W. 1/96 limefungwa. Matokeo: AMEPATIKANA. Aliyempata: mimi.

Alhamisi, 27 Juni

Kesi mpya! Na hii ni nzito kuliko ya kwanza.

Kiema amerudi kutoka Kibwezi, amekuja na barua mkononi. Anasema inatoka kwa mama yangu. Mstari mmoja tu: Nzivo, umepotea, njoo.

Mtu mwingine angeisoma akaiweka. Mimi ni mpelelezi. Nimeona mara moja kwamba mwandiko si wa mama. Mama anaandika herufi kubwa, zinalala. Hizi ni ndogo na zimesimama. Nikaenda kwenye bahasha ya kahawia, nikaitoa ile barua ya Pasaka. Sikuisoma, nimelinganisha herufi tu. Mwandiko ni ule ule! Yaani tangu Pasaka kuna mtu anaandika badala ya mama. Mama ambaye hata risiti ya kanisa hapendi aandikiwe na mtu. Kwa nini asiandike mwenyewe? Ni nani huyu anayejitia yeye?

Kiema alitaka kusema jambo. Alianza, mama yako alituambia... Nikainua mkono. Mashahidi wana utaratibu, na zaidi ya hayo saa moja na nusu ilikuwa imekaribia. Alisimama kidogo pale mlangoni, kofia mkononi, kisha akaenda zake.

Nimefungua K.W. 2/96: Mwandishi Asiyejulikana. Nimeibeba barua mpaka kwa Thuo, nione leo atakisia nini. Ameisoma. Akaisoma tena. Televisheni ilikuwa imeanza, akaipunguza sauti, jambo ambalo hajawahi kulifanya. Hakukisia chochote. Aliniambia tu kwamba basi la Kibwezi huondoka saa mbili asubuhi.

Nimemhurumia. Hata mwandiko hakuuangalia.