Joho Jeupe Kwenye Matope ya Misisi

Jumatatu, 4 Novemba

Miezi tisa na siku tatu tangu nitoke mjini Baraka kuja kuchimba dhahabu hapa Misisi. Nilimwambia mke wangu Georgette wiki mbili. Tania amezaliwa, ameota meno mawili, na baba yake hajamwona ila kwenye simu. Simu yenyewe ina ufa unaopita katikati ya uso wa mtoto.

Leo PDG Anatole, bosi mwenye shimo, katangaza kwamba kapita wetu, msimamizi wa wachimbaji, amerudi kwao. Jumamosi saa sita, kazi ikikoma, tutachagua mwingine. Kapita hashuki shimoni! Anakaa juu, anasimamia kamba, anapiga kelele. Tena kila mwisho wa mwezi anatumwa Baraka kununua vifaa, na analala kwake. Goti langu la kushoto lilisikia habari hiyo kabla ya masikio. Nafasi ni yangu.

Tatizo ni moja tu: Bertin. Wote wanampenda. Anajua mbao, anajua kamba, shimo halijawahi kumwangukia mtu zamu yake. Na zile ndevu! Sifa za kijinga.

Jumanne, 5 Novemba

Nimenunua beignet mbili, maandazi ya hapa, zimefungwa katika karatasi iliyochanwa kwenye kamusi ya Kiingereza. Mungu yuko! Nikampelekea Claver, Mrundi aliyejifunza Kiingereza kambini Tanzania na sasa anabeba mifuko ya mawe kama sisi. Kanisomea, kisha kala beignet moja bila kuulizwa.

Kumbe candidate ya Waingereza, ndugu wa candidat yetu, mgombea wa kila uchaguzi, imetoka kwa Warumi wa kale. Kwao candidus ni nyeupe inayong'aa. Mtu aliyetaka cheo alivaa joho jeupe, akalipaka chaki lizidi kung'aa, akazunguka mjini akishika watu mikono. Basi kandida, tangu shina la neno, ni aliyevaa nyeupe.

Bertin hana nguo nyeupe. Bertin hana hata nguo ambayo rangi yake inajulikana.

Jumatano, 6 Novemba

Nimemweleza PDG habari za Warumi. Alisikiliza kama mtu aliye kanisani. Aliuliza kama hata Kinshasa wanafanya hivyo. Nikamuuliza kama hajaona mashati kwenye picha za uchaguzi. Akafikiri. Akaamuru: Jumamosi, asiye mweupe kuanzia kichwa hadi magoti si kandida.

Wengine walinung'unika kwamba kapita lazima ajue shimo. Nikapita kundi kwa kundi nikiwaeleza kwamba kapita hashuki, mnaoshuka ni ninyi, yeye hata akiwa hajawahi kuingia ni sawa. Nilisema vizuri sana. Bertin alicheka tu: "Mi sina nyeupe, Papa Nico. Uchukue tu, kaka." Nilimhurumia dakika nzima.

Ijumaa, 8 Novemba

Claver ni mwimbaji wa kwaya, ana joho jeupe. Kaniazima. Badala yake kachukua buti zangu, nimebaki na kandambili. Kwa cheo, buti ni nini?

Chaki hakuna Misisi. Nimelipaka joho unga wa muhogo. Linang'aa kama jino. Mbuzi wa PDG amenifuata tangu asubuhi, anaramba pindo.

Georgette alipiga simu. Nikamweleza yote. Akauliza: "Nico, ile iko kazi ao iko sinema?" Kasema Tania sasa anamwita baba kila mwanaume mwenye ndevu. Jana kamwita hivyo mchungaji, mbele ya mke wa mchungaji. Nikamwambia asubiri mwisho wa mwezi, nitakuja nikiwa kapita.

Jumamosi, 9 Novemba

Mvua. Mvua ya kulaaniwa!

Kushuka mteremko nikashika mkono wa kila mtu, kama Mrumi. Unga ukalowa, ukaanza kuganda kama ugali. Mtu mmoja akaita: "Papa Nico, bukari imeiva, samaki iko wapi?" Nikageuka nimjibu. Kandambili ikabaki juu, mimi nikaenda chini, kwa mgongo, hadi miguuni pa PDG. Nikainuka mwekundu kote kwa matope.

PDG ni mtu wa amri. Akatazama huku, akatazama kule. Hakuna mweupe. Uchaguzi hauna kandida.

Ndipo Immaculée akatoka chini ya hema la twangaises, wale bamama wanaotwanga mawe yetu kwenye vinu vya chuma. Pale chini ni pakavu na vumbi la mawe halilali. Alikuwa mweupe kitambaa cha kichwa, mweupe nyusi, mweupe hadi magoti. Bertin akapaza sauti: "Kandida ule pale!" Immaculée akasema, "Mi natafuta maji tu."

Nikapinga kwamba mwanamke haingii shimoni. Shimo zima likanijibu kwa maneno yangu ya Jumatano. Nikadai kwamba asubuhi nami nilikuwa mweupe, PDG akakubali tushindane. Tukapanga mistari. Nyuma yake watu arobaini na mmoja. Nyuma yangu mbuzi.

Jumapili, 10 Novemba

Immaculée, kapita mpya, alikuja kwangu, amenawa, karibu nisimtambue. Nikangoja matusi. Akasema, "Baba Tania, kamba imechoka, mutu anaweza kufa. Kesho uende Baraka ulete ingine. Ulale kwako siku tatu, uone mutoto." Nikatazama pembeni kwa sababu ya moshi. Hapakuwa na moshi.

Nikafunga mfuko. Claver akaja kuchukua joho, akaiona karatasi ya beignet, akasoma upande wa nyuma. Cancel, yaani kufuta. Nalo ni la Warumi! Limetoka kwenye uzio wa fito zilizopishana: karani alichora mistari kama uzio juu ya maandishi, na maandishi yakafa.

Ni wazi kabisa. Nikijenga uzio wa fito kwenye mdomo wa shimo, uchaguzi umefutika. Nimeanza kukata mianzi. Kazi hii haingoji.

Safari nimempa Bertin. Nimemtuma apite nyumbani kwangu Baraka, amwambie Georgette nitafika Jumamosi tarehe 30, bila kukosa, nikiwa kapita. Nikamsihi anyoe ndevu kwanza. Amekataa.