Kitambi Changu na Bango la Kitivo

Jumatatu, 4 Machi
Mpigapicha wa chuo anakuja Ijumaa kutafuta sura moja ya bango la kitivo chetu. Sura yenyewe ni mimi, hilo halina mjadala. Mama nimeshampigia, naye ameshawatangazia akina mama mdogo wote. Kilichobaki ni hiki kitambi tu. Siku nne zinatosha na kubaki! Nimemkabidhi Mbavu, mwenzangu wa chumbani, kadi yangu ya chakula. Na mkataba tumeandikiana: hata nikilia, asinirudishie. Mbavu anakula kama mchwa na bado unaweza kumhesabu mifupa. Wengine wamezaliwa na bahati.

Jumanne, 5 Machi
Chai kavu asubuhi, maji mchana, maji jioni. Najisikia mwepesi! Nimejipima kwa mkanda: tundu lile lile. Mkanda mbovu. Mbavu kala sahani mbili, yake na yangu, kisha akanisimulia maharage yalivyoiva. Nani alimuuliza?

Jumatano, 6 Machi
Nimedai kadi. Mbavu akanisomea mkataba, mpaka sahihi yangu. Nikamwambia nilikuwa natania. Akasema utani haukuandikwa. Loo, mtu huyu! Darasani tumbo likanguruma mpaka mhadhiri akanyamaza, akauliza nani ana swali.

Alhamisi, 7 Machi
Nimekula mkate wa Mbavu. Wote. Lakini nimekula nimesimama, kwa hiyo hauhesabiki. Akakuta makombo kwenye mto wangu. Hakugomba. Akasema tumeishi pamoja miaka miwili na hicho kitambi hajawahi kukiona. Anachokiona ni mikono inayotetemeka. Akanirudishia kadi. Nimekataa! Mkataba ni mkataba.

Ijumaa, 8 Machi
Foleni ya picha, mbele yangu watu watatu. Nikavuta tumbo ndani, nikabana pumzi, dunia ikazunguka. Nimezindukia zahanati ya chuo. Muuguzi ananilisha uji kwa kijiko, Mbavu kanishika kichwa huku analia, mjinga yule. Nami nililia kidogo. Uji ulikuwa mtamu jamani! Mpigapicha alikuja kuhakikisha sijafa, akapiga picha moja. Bango la kitivo kapewa dada mmoja mnene wa mwaka wa kwanza, anayecheka mpaka magego yanaonekana. Mama sijamwambia. Nitaanzia wapi?

Jumatatu, 18 Machi
Niko kwenye bango! La zahanati. Waliniomba ruhusa, nikakubali kabla hawajamaliza kuuliza. Mimi, bakuli na kijiko, na maandishi makubwa: USIRUKE MLO. Limebandikwa mlangoni pa bwalo. Mama amepiga vigelegele kwenye simu. Muuguzi anasema mwezi ujao watatoa la pili. Nimelitazama sana hili la kwanza: mashavu yamejaa mno. Mbavu kagoma kushika kadi, basi nimempa jirani wa chumba cha pili. Safari hii mkataba una mashahidi wawili.