Nilivyomuua Papa Kinanda

Jumatatu, 2 Juni 2025

Nimeitwa televisheni. Mimi, Basile! Miaka kumi na miwili simu yao ilikuwa kimya, leo nimepewa kiti na chai ya maziwa. Directrice Fortunée, mkurugenzi wao, ni mtu wa Butembo, ana miaka miwili tu hapa Kisangani. Ameniambia wanarudisha "Kwa Papa Kinanda", ile komedi yetu ya familia ya wanamuziki iliyotikisa mji siku za Jumapili, tangu 2008 hadi 2013. Lakini kwanza anataka historia yake iandikwe, epizodi ya kwanza mpaka ya mwisho. Yeye hakuona hata moja. Na kanda hazipo. Juu yake walirekodi mahubiri, na juu ya mahubiri wakarekodi mpira.

Donc anatafuta mtu mwenye kumbukumbu. Nimemjibu amempata.

Papa Kinanda alikuwa mpiga kinanda wa parokia. Mama anaimba, watoto wanne wana ngoma, gita, filimbi na debe, wote katika nyumba ya vyumba viwili kule Mangobo. Mimi nilikuwa Jirani. Kila epizodi, dakika ya saba, nabisha geti na kuuliza: "Mu hii nyumba, mutalala siku gani?" Wananifungia geti usoni, watu wanacheka. Mara tisini na nne.

Mama Kinanda alichezwa na Marceline. Na Marceline ni bibi yangu, wa kweli kabisa: mahari, cheti cha serikali kutoka komine, kanisa, watoto watatu. Lakini kwa mji huu bwana yake ni Bavon, yule aliyecheza Papa Kinanda. Juzi fundi viatu amemwuliza Marceline bwana yake anaendeleaje, nami nimesimama pale pale na kikapu chake mkononi. Halafu akanigeukia: "Na wee Jirani, acha kufuata bibi ya mutu!" Miaka kumi na saba nasikia maneno haya. Naandika hapa kwa sababu hakuna atakayesoma: inaniuma. Inaniuma sana. Nataka siku moja tu, barabarani, mbele ya watu, nijulikane kuwa bwana ya bibi yangu.

Jumanne, 3 Juni

Nimeanza vizuri, kwa ukweli mtupu. Nimeandika jinsi tulivyoanzia katika gereji. Kinanda tuliazima parokiani na noti ya fa ilikuwa imekufa, ndiyo maana wimbo wetu wa kufungulia hauna fa hata moja. Jenereta ilinguruma mno, ikabidi familia nzima iimbe kwa kelele kuifunika. Watu wakasema ni mtindo mpya. Mama Katungu, yule mwenye duka la jumla, alileta gunia la maharage ili jina lake litupwe ndani ya wimbo, litajwe kwa sifa, na tulilitupa mara nne kwa kila epizodi mpaka maharage yakaisha.

Saa nne, wazo! Nilikuwa nimefika epizodi ya tisini na nne. Nani aliiona? Hakuna. Jumapili ile umeme ulikatika mji mzima. Katika epizodi yenyewe familia inashinda mashindano ya kwaya na kula kuku. Lakini kuku si historia. Vipi kama Papa Kinanda alifariki? Akifariki, Bavon hana kazi. Mama Kinanda anabaki mjane, na mjane ataolewa na nani? Na mtu wa karibu. Geti kwa geti.

Nimemwandikia kifo kizuri. Anapiga wimbo wa shukrani, mkono wa kushoto unachoka, wa kulia unaendelea peke yake, paji la uso linashuka taratibu juu ya noti. Kurasa tatu. Nimelia mwenyewe. Katikati ya kifo mtu alibisha geti letu, akabisha, akabisha. Nilikaa kimya kama simo mpaka akaondoka. Watu wengine hawana adabu ya kuona mtu anafanya kazi.

Jumatano, 4 Juni

Nimepeleka historia. Directrice amesoma mbele yangu. Kwenye ukurasa wa kifo amevua miwani. Akasema hakujua, na mtu mkubwa kama huyo haifai atajwe mwisho wa kijitabu tu. Watamtangaza, kwa heshima, kama matangazo mengine ya vifo. Itaamsha mji kabla mchezo haujarudi. Nikasema afanye anavyoona.

Mtangazaji akaja na fomu ya komunike ya vifo, ile ile wanayojaziwa watu wote. Jina la marehemu. Kazi yake. Amemwacha nani. Nikajibu: mjane mmoja na yatima wanne. Matanga yako wapi? Nikasema hayo hayana maana, huu ni mchezo. Akasema fomu yenye nafasi tupu haisomwi hewani, na kila mtu anajua matanga huwa alipo mjane. Akaniuliza mjane anakaa wapi.

Bon. Nimeulizwa mjane anakaa wapi. Nimejibu.

Alhamisi, 5 Juni

Saa sita mchana wamesoma. Muziki wa huzuni, picha ya Bavon na kanzu ya kwaya, halafu adresi. Avenyu, namba, geti la bluu.

Saa saba turubai limesimama katika lupango langu, uani kabisa. Saa saba na nusu viti vya plastiki, vya parokia mbili tofauti. Kwaya imekuja na sare. Wamama wa Kigenia, kabila la wavuvi, wamepanda kutoka kwenye maporomoko ya mto na mabeseni ya samaki. Mama Katungu ameleta gunia, ameuliza kama wimbo wa maombolezo una nafasi ya jina. Marceline alikuwa anafua. Wamemtoa sabuni mkononi, wamemfungua nywele, wamemfunga kikwembe cheusi na kumkalisha kwenye mkeka. Wanamlilia shingoni. Ameniangalia mimi. Mimi nimeangalia turubai.

Nimejaribu kuingia ndani kuchukua viatu. Nikazuiwa mlangoni. "Jirani! Ata leo?" Papa mmoja mwenye koti amenishika bega kwa upole, akasema mwanaume mwenye moyo angengoja siku arobaini. Nikamweleza kwamba hii ni nyumba yangu. Akawaambia wenzake wanivumilie, msiba unamwingia kila mtu kivyake.

Nikapanda juu ya kiti. Nikatangaza hakuna aliyekufa, ni mambo ya televisheni! Wakajibu ndiyo, wao pia wameona kwenye televisheni.

Nimehamia kwa mdogo wangu Rolly. Sina viatu. Rolly amesema anayechimba shimo aanze kwa kupima kimo chake. Sijamwomba methali, nimemwomba ndala.

Ijumaa, 6 Juni

Watu mia mbili. Ndala za Rolly ni ndogo.

Saa nne Bavon amefika juu ya toleka, amekaa nyuma ya baiskeli na shati jeupe, kuona ni nani amekufa. Kwaya ikakatika katikati ya alleluia. Watu wakakimbia hadi barabarani. Yule mwenye baiskeli alikimbia pia, ndipo akakumbuka hajalipwa. Mama mmoja alirudi wa kwanza, akampiga Bavon kwa mwavuli kuona kama unapita. Haukupita.

Nikashukuru Mungu. Basi, imeisha, wataondoa viti. Aah! Wazee wakakaa pembeni, wakajadiliana kidogo, wakarudi na uamuzi: Bavon iko hai, Mungu asifiwe. Papa Kinanda amekufa, Mungu amurehemu. Na maharage imekwisha kuiva. Wakaendelea.

Bavon wamemweka mbele, kwenye kiti chenye mto wa kukalia, pembeni ya mkeka wa bibi yangu. Kila anayefika anawapa pole wote wawili. Bavon ameanza kulia. Analia kifo chake mwenyewe! Amekula samaki wawili na ametangazwa kwa kipaza sauti kuwa msanii wa watu. Mimi nimepewa kazi ya kuchota maji.

Jumamosi, 7 Juni

Leo sitaki kuandika. Nitaandika.

Bavon amenivuta nyuma ya jiko. Macho mekundu. Amesema ana neno la kuniambia tangu Jumanne, alikuja mpaka getini kwangu, amebisha mpaka vidole vikauma, hakuna aliyefungua. Nikamwambia labda nilikuwa natembea.

Neno lenyewe ni hili. Jumatatu, kabla yangu, aliitwa televisheni na akakataa kurudi. Magoti yake yamechoka, alitaka kwenda Basoko kufanya biashara ya samaki na kaka yake. Na alimwambia Directrice kwamba Papa Kinanda mpya awe Basile. Kwa nini Basile? Kwa sababu, alisema, yule mtu ameishia getini mara tisini na nne, sasa wamwache aingie ndani. Directrice alikubali. Historia ile ilikuwa njia yake ya kunipima kama nitaheshimu mchezo.

Nimekaa juu ya beseni.

Nikamwambia vizuri sana, tonton, hata leo haijachelewa, Basoko ni pazuri. Akatikisa kichwa. Amesema hapana, moyo umegeuka. Hakujua kwamba Kisangani inampenda namna hii. Ameona wamama wanagaagaa chini kwa ajili yake. Atawaachaje? Ataendelea kuwa Papa Kinanda mpaka Mungu amwite, wapate tu njia ya kumfufua. Akanishika mikono yote miwili na kunishukuru kwa kile kifo. Amesema maisha yake yote hakuna mtu aliyempa heshima kama mimi.

Mawa, huzuni tupu. Mawa trop.

Jumapili, 8 Juni

Baada ya misa Directrice amekuja na kamera. Mambo yamemshinda: kijitabu kinasema amekufa, mji unataka azikwe, Bavon anataka afufuke, na parokia zinataka viti. Akaamua aulizwe aliyekuwepo. Akamwekea Marceline kipaza sauti.

Marceline alikuwa amekaa kwenye mkeka siku ya nne. Mgongo unamuuma, na nguo bado ziko kwenye beseni tangu Alhamisi. Akasimama. Akasema kwa utulivu kwamba mwandishi wa historia amekosea kidogo. Kweli, katika epizodi ya mwisho mtu alikufa. Lakini si Papa Kinanda.

Ni Jirani.

Alikufa getini, akasema. Dakika ya saba. Alifungua mdomo kulalamika, na hewa haikurudi.

Vigelegele! Bavon alibebwa juu juu. Kwaya iliimba wimbo wetu wa kufungulia, bila fa, na jina la Mama Katungu likatupwa mara sita. Walicheza mpaka mti wa turubai ukaanguka. Papa mwenye koti alinishika mkono, akanipa pole kwa kifo changu na kuniambia nipumzike. Kisha wakakunja viti na kwenda. Matanga ya Papa Kinanda yalichukua siku nne. Ya kwangu, nimepima kwa saa, dakika kumi na moja, pamoja na kufagia.

Tulipobaki wawili nilimwuliza Marceline kwa nini. Nilikuwa na hasira, sifichi. Bibi yangu mwenyewe, mbele ya kamera! Alikuwa anakamua shuka, hakugeuka hata. Akasema amechoka na Jirani. Miaka kumi na saba kila anapotembea na bwana yake, Jirani anapita mbele. Sasa amekufa. Kesho tutakwenda wote sokoni, na atakayebeba kikapu chake si Jirani tena. Akaniuliza kama naelewa.

Nikamwambia naelewa. Nilikuwa nafikiria mambo mengine.

Jumatatu, 9 Juni

Soko la Mangobo, saa tatu asubuhi. Tumesimama kwa Claudine, muuza makayabo, wale samaki wa chumvi, mtu aliyekuwa akinizomea tangu epizodi ya pili. Leo hakuzomea. Amenitazama juu mpaka chini. Akamwuliza Marceline, huyu papa ni nani?

Marceline akanishika mkono. Akasema kwa sauti ya kuimbia, soko zima likasikia: "Huyu? Ni bwana yangu. Basile."

Watu wakageuka. Wakaniamkia! Papa Basile, karibu. Papa Basile, habari ya watoto. Kuna aliyenipa kiti. Marceline alikuwa anacheka, hajaniachia mkono, na alikuwa mzuri kama siku tuliyotoka kwenye komine. Moyo wangu ulijaa, naandika ukweli. Kile nilichokitaka miaka yote hiyo kilikuwa pale, mkononi mwangu, kimeshika vidole vyangu.

Ndipo Claudine akasema, huku anafunga samaki, kwamba bwana ya Mama Marceline anafanana sana na yule marehemu Jirani. Utasema pacha.

Pacha!

Nikamwachia Marceline mkono, nikampa kikapu, nikamwambia narudi sasa hivi. Nimekimbia mpaka televisheni. Directrice hayuko, naandika hapa kwenye ngazi nikimngoja. Historia ilisahau jambo kubwa sana: Jirani alikuwa na pacha. Anakaa Barumbu, kwenye mto. Mtu mpole, anapenda kelele, anapiga kinanda kuliko mtu yeyote. Hajui hata kwamba ndugu yake amefariki. Lazima mtu aende kumpa habari, na mwenye wajibu huo, kwa heshima, ni Papa Kinanda mwenyewe. Atakwenda kwa boti, epizodi ya kwanza kabisa. Ni safari ndefu, na juu ya maji lolote hutokea.