Moktel ya Posa

Jumanne, 10 Juni
Jumamosi wanakuja kumposa Noela wetu. Wageni wazito, kutoka Musoma. Kijana ana duka la vipuri vya mashine za kusagia mawe ya dhahabu. Lazima Masumbwe nzima ijue! Binti wa jirani Enock alipoposwa, Enock aligawa vinywaji vya makopo, na mpaka leo anavitaja hata msibani. Mimi nitatoa moktel. Nimeiona kwenye simu: mapovu, bila kilevi, jani la mnanaa juu. Watu wa maana wanakunywa hiyo. Soda anakunywa kila mtu.

Jumatano, 11 Juni
Kikwazo. Mapovu yanatoka kwenye maji ya soda, na hayo yapo baa tu. Mimi ni mzee wa kanisa. Siwezi kuonekana nikitoka baa na chupa, hata za maji. Nimewaza. Nimepata! Ndimu ukiichanganya na magadi inachemka yenyewe. Nimejaribu jikoni, na ukwaju na tangawizi. Mapovu mpaka sakafuni! Mke wangu Lusia kaonja, akauliza kama nimefulia nguo humo. Wivu. Nimeongeza sukari.

Ijumaa, 13 Juni
Bilauri ndefu anazo Enock peke yake. Nimemwomba kwa unyenyekevu ulionichosha. Kakubali, kwa sharti naye aalikwe. Jioni Noela kanishika mkono: "Baba, huyu mtu nampenda. Tuwape soda tu." Nimemwambia mwanamume anayempenda kweli hawezi kuogopa mapovu. Akalia. Furaha, nadhani.

Jumamosi, 14 Juni
Wamefika. Shikamoo, marahaba, wakaketi. Mshenga wao, Mzee Magesa, mtu mkubwa wa mwili, kanywa bilauri nzima kwa heshima. Nikamwongezea. Akasimama: "Ndugu zetu, tumekuja hapa kuomba..." Akacheua. Bati likatetemeka! Akaanza upya. Akacheua tena. Sebule nzima ikafuata, upande wao na wetu, mpaka mchungaji. Noela akakimbilia chumbani. Enock anarekodi.

Nikaona posa imekufa, na muuaji ni mimi.

Mzee Magesa akakaa, kashika tumbo, machozi yanamtoka. Akasema gesi imemsumbua tangu mwaka jana, hospitali amezunguka mpaka kachoka, na leo ndiyo imetoka. "Baba Noela, dawa hii unaipata wapi?"

Posa imekubaliwa. Noela karudi, anacheka. Wote wanacheka. Mimi sikucheka. Dawa!

Jumatatu, 16 Juni
Tangu alfajiri watu mlangoni na vikombe, hadi wachimbaji wa mashimoni. Wameshanipa jina: Baba Gesi. Nimewaeleza kwamba hii ni moktel, ni kinywaji cha starehe, inanywewa na jani. Wameuliza jani linatafunwa kabla au baada ya kula. Wa mwisho kwenye foleni alikuwa Enock, kajikunja, kashika tumbo. Nimemhudumia. Bila jani.

Jumatano, 18 Juni
Noela na mama yake wamenikalisha. Wamenishukuru kwa moyo wangu. Kisha wakaniomba, kwa upole sana, nisiguse chakula cha harusi, wala vinywaji, wala mapambo. Nimeahidi, mkono juu ya Biblia. Na mimi nikiahidi nimeahidi.

Gauni halikutajwa. Nimeazima cherehani, na pazia la sebuleni nimeshalishusha.