Nzioka na Bia Nyeusi ya Mama Rukiyo

Enyi wa mitaa ya Iftin na Galbet, nanyi mliopita mkitafuta ngamia aliyepotea, ketini, mwache kutafuna miraa! Nawatolea habari za Nzioka wa Mwingi, simba wa taipureta, ngao ya kabati la faili, jinsi alivyoikabili bia nyeusi iliyopikwa kwa kahawa, peke yake, bila hata kipande cha nyama mkononi, katika mwaka wa tisini na nne.

Shujaa huyu alikuwa karani mjini Garissa. Mkewe alikuwa amejifungua huko kwao, mtoto wa kwanza, wa kiume, na mwezi ulikuwa umepita Nzioka hajamtia machoni. Ruhusa ilikuwa mikononi mwa mkuu wake, Bwana Abdiqani, ambaye akikohoa mihuri ilitetemeka mezani. Kila Nzioka alipokwenda kuomba likizo, alirudi ameomba kalamu. Alikuwa na kalamu za kufungulia duka. Ulimi wake, jamani, haukufunguka ila kwa bia, na katika mji ule wa ugenini hakujua inauzwa wapi, wala hakuthubutu kuuliza.

Basi adhuhuri moja, jua likipiga bila huruma, akaingia hotelini kwa Mama Rukiyo, malkia wa birika, akanena kwa mafumbo: "Mama, vita vinanikabili. Una kitu cha kumtia mtu moyo?"

"Chai iko," akajibu malkia. "Soda iko. Kahawa bia iko."

Kahawa bia! Nzioka alikwisha kusikia kwamba ng'ambo wako watu wanaotia kahawa katika bia hadi inakuwa nyeusi tititi. Lakini kuikuta Iftin, mchana kweupe, wazee wamekaa na tasbihi zao! Kweli usilolijua ni usiku wa giza.

"Niletee hiyo," akanong'ona. "Na unifichie siri, mama."

"Siri ya nini?" akasema Rukiyo, akaimimina kutoka juu mpaka ikatoa povu.

Nzioka akalitazama povu lile kwa jicho la fundi. Akanusa. Akaonja. Ilikuwa ya moto, lakini Garissa hata maji ya bomba hutoka moto, sembuse bia. Ikamuuma ulimi, ikamkwaruza koo, ikateremka tumboni kama askari waliovunja lango. Akaagiza ya pili. Kwenye ya tatu jasho lilimtoka, masikio yakawaka, moyo ukadunda kama ngoma ya arusi.

"Imepanda!" akatangaza, akainuka, akayumba kidogo kwa heshima ya kinywaji, akavuka barabara na kikombe mkononi, akaingia ofisini kwa mkuu wake bila hodi.

"Bwana Abdiqani!" akanguruma. "Mimi nina mtoto! Ana mwezi mzima duniani na hajaniona! Nipe likizo, ama nitakaa juu ya meza hii mpaka aote ndevu! Na unisamehe, nimelewa. Nimekunywa bia tatu kwa Mama Rukiyo!"

Kumbe Mama Rukiyo alikuwa mlangoni, amekifuata kikombe chake.

"Walahi, mimi nauza bombe?" akapaza sauti. "Mimi? Nimesema chai iko, soda iko, kahawa bia iko! Wewe hujui Kiswahili?"

Abdiqani akakinusa kikombe. Mabega yakaanza kumtikisika kwa kicheko. "'Pia', Nzioka; 'p' ya mama hutoka 'b'. Amekwambia kahawa pia iko. Hii ni kahawa na tangawizi."

Ole wake! Ulevi ulimtoka mara moja, ulimi ukarudi alani kama upanga.

"Haya," akasema mkuu. "Sasa hujalewa. Sema tena. Unataka nini?"

Nzioka aliogopa, aliogopa sana. Mkono wake ukaanza kuinyemelea kalamu iliyokuwa mezani. Akaurudisha.

"Nataka nikamwone mwanangu," akasema, kwa sauti ya kifaranga.

"Warya, wewe, si ungesema? Mimi niko na tisa. Enda leo."

"Mashallah," akasema Mama Rukiyo, hasira zimemwisha. "Mtoto anaitwa nani?"

"Sijui," akajibu Nzioka, na machozi yakamtoka mbele ya watu.

Andikeni basi, enyi waandishi wa tarehe za wafalme, muache kidogo habari za ngome na mizinga: kwamba mchana ule, mjini Garissa, mwanamume aliomba kwenda kwao akiwa hajalewa.